Wadudu Walitimiza Akidi

Mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, ninyi vijana mliobaki maabara. Nimestaafu, nafasi ninayo, mpunga umeshaingia ghalani, na hasira bado ninazo, kwa hiyo naandika kabla hazijapoa. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo havikuwa vingi, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika zaidi habari ya neno moja, akidi, lililonisumbua kazini kuliko malaria.

Nilitoka kijijini kwetu Ikolo kwenda kuripoti hospitalini Kyela na koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi ya mkaa mpaka likawa gumu kama kadibodi. Mkuu wa maabara wakati huo alikuwa Mzee Ambakisye, mtu mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Akanisalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile?", yaani umelalaje. Nikamjibu vizuri kama nilivyofundishwa nyumbani, kwamba nimelala salama. Akageukia Kiswahili: "Vizuri. Kama umeshalala, hapa utafanya kazi."

Hadubini yetu ilikuwa ile ya kioo. Unaielekeza dirishani, unakamata mwanga wa jua, unaangalia haraka kabla wingu halijapita, na mawingu ya Kyela mnayajua, hayana haya hata kidogo. Siku ile ya kwanza niliinama, nikaona kitu chenye miguu mingi myeusi, nikaita kwa furaha kwamba nimempata mdudu. Mzee Ambakisye akaja, akainama, akanyanyuka. "Hizo ni kope zako," akasema, akarudi kwenye chai yake. Hadithi hiyo aliisimulia mpaka anastaafu, na wasiomjua walidhani anatia chumvi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuotesha wadudu. Tulipika wenyewe ile agari, uji mzito ambao ndio chakula chao, tukaimimina kwenye visahani, tukaiacha igande. Kitanzi cha waya unakichoma kwenye taa ya spiriti mpaka kiwe chekundu, unasubiri kipoe, ndipo unagusa usaha na kuupaka. Narudia: unasubiri kipoe. Kuna mmoja kati yenu, jina nalihifadhi, ambaye huchovya waya wa moto kwenye usaha, unalia tsss, wadudu wote wanakufa palepale, kisha anamwandikia daktari kwamba hakuna kilichoota. Kitaota nini, mwanangu, na wewe umeshakichoma?

Na usaha wenyewe msiuchote juu juu. Usaha wa juu ni mashabiki. Wachezaji wako chini, wameshikamana na nyama. Safisha kwanza, kisha chukua pale chini panapouma. Mgonjwa atakunja uso, na wewe utakunja wako, lakini mtapata jibu. Nimelisema hili kwa wauguzi, kwa matabibu, kwa wanafunzi wa mazoezi, na mpaka juma langu la mwisho kazini nililetewa kijiti cha pamba kilichopitishwa juu ya bandeji. Juu ya bandeji.

Mzee Ambakisye alikuwa na msemo wake: "Mdudu mmoja ni mpita njia. Wakiwa wengi ni kijiji." Alikuwa ameona jambo ambalo wengi wetu tuliliona bila kulifikiria. Kidonda kinaweza kukaa siku nyingi kikiwa kimya, hakina harufu, hakina joto, na ukiotesha unapata wadudu wachache tu wasio na maana. Halafu ghafla kinabadilika, kinatoa usaha wa kijani, nyama inaanza kuyeyuka. Wadudu ni walewale. Nilimuuliza kwa nini jana walikuwa wapole. Akajibu, "Jana walikuwa hawajakubaliana." Kukubaliana kwa namna gani, wakati hawana mdomo wala masikio, hakujua, na hakujifanya anajua.

Mimi nilikuja kujua miaka mingi baadaye, kwenye semina moja Mbeya. Mwalimu wetu alieleza hivi. Kila bakteria anapoishi anatoa kemikali ndogo sana, anaitupa nje ya mwili wake. Akiwa peke yake, au wakiwa wachache, kemikali ile inapotea, na hakuna kinachotokea. Wakizidi kuzaliana mahali pamoja, kemikali inajaa pale walipo, mpaka inawarudia ndani yao wenyewe. Huko ndani inakwenda kugusa jeni, yale maagizo ambayo kila kiumbe anayo mwilini mwake, na maagizo yaliyokuwa yamezimwa yanawashwa. Na yanawashwa kwa wote, karibu wakati mmoja. Hapo ndipo wanapotoa sumu, wanapoyeyusha nyama, wanapojijengea ule utelezi wa kujifunika. Wakifanya fujo wakiwa wachache, mwili utawamaliza. Kwa hiyo wananyamaza, wanahesabiana, na idadi ikitosha wanaanza kazi.

Mwalimu aliliita jambo hilo kwa jina la Kiingereza refu. Nilikaa pale nikicheka peke yangu, kwa sababu jina tunalo. Ni akidi. Niliporudi niliwaeleza wauguzi kwa neno hilo na wakaelewa mara moja. Hakuna mtu wa Kyela ambaye hajawahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji, jua linapanda, mwenyekiti anahesabu vichwa, na mwisho anasema tunaomba radhi, akidi haijatimia, tutawatangazia siku nyingine.

Sasa nifike kwa Mama Velonika.

Mama Velonika ni mfinyanzi wa Lyulilo, Mkisi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Vyungu vyake mnavijua hata kama yeye hammjui. Vinapangwa pale sokoni ufukweni mwa Ziwa Nyasa na kusambazwa mpaka Ipinda na kwingineko. Siku moja ya kuchoma vyungu, moto uliangusha chungu kimoja, akanyoosha mkono wa kulia kukidaka. Hata mimi ningekidaka. Aliungua kiganja na vidole, akapakwa vitu nyumbani, na alipoona haponi akaletwa hospitalini.

Kidonda kilikuwa cha kawaida. Dokta Anyisile, daktari wetu wa upasuaji, alikikagua akasema kitapona kwa kusafishwa tu. Mama Velonika akalazwa, na kila siku akawa anapelekwa kwenye chumba cha vidonda. Nilipita wodini kuchukua damu, nikamkuta ameweka ule mkono kwenye mto kama mtoto mchanga.

"Mama maabara," akaniita, "mwambie dokta nisikae sana. Binti zangu wanajua kukanda udongo, mdomo wa chungu hawajaujua."

"Mdomo una nini?"

Akanyoosha mkono wa kushoto ule mzima, akazungusha vidole hewani. "Unaupata kwa mkono wa kulia. Gumba ndani, hivi vinne nje. Ukikosea, chungu kinapasuka motoni. Mkono huu ndio unaojua. Mimi mwenyewe sijui, mkono ndio unajua."

Nikamwambia atapona. Nililisema kwa sababu niliamini, maana kidonda kilikuwa kimya.

Baada ya siku chache Dokta Anyisile akaingia maabara na sampuli mkononi, kaileta mwenyewe. "Jana nilikiona kizuri," akasema. "Njoo unuse."

Sikuhitaji hadubini. Vitabu vinasema mdudu yule wa usaha wa kijani ananukia zabibu. Mimi ni mtu wa Ikolo, zabibu nimeziona kwenye picha. Kwangu ananukia kama kakao iliyovundikwa, siku ya pili, inapoanza kuwa tamu na kali kwa pamoja. Ile rangi na ile harufu ni kazi yao baada ya kukubaliana. Ukiinusa, ujue kikao kimeshafungwa na maazimio yamepita. Nikaotesha, kesho yake kisahani kizima kilikuwa cha kijani. Na hakuwa Mama Velonika peke yake. Nikakumbuka mzee mmoja mwenye kidonda cha mguu, na mama mmoja wa upasuaji wa uzazi, wote usaha wa kijani, wote wamepita chumba kimoja.

Nikaenda chumba cha vidonda na vijiti vyangu. Nikapangusa meza, mikasi, bomba, mikono ya wauguzi waliokubali kupanguswa. Aliyeota alitoka kwenye pipa. Lilikuwa pipa kubwa la plastiki lenye koki, zawadi ya wafadhili fulani waliotutembelea siku za nyuma, na kwa kuwa bomba lilikauka mara kwa mara, kila kitu kilisuuzwa humo. Niliingiza mkono wenye glavu mpaka chini. Ukuta wa ndani ulikuwa unateleza kama kambale.

Ule utelezi ndio kijiji chenyewe. Mle ndani wadudu wamejifunika, wanalindana, na dawa inawafikia kwa shida. Niliwaambia wauguzi wasitumie tena pipa lile. Nikalimwaga. Nikalisugua kwa klorini mpaka macho yakaniwasha. Halikupita juma, utelezi ukarudi. Nikabandika karatasi: USITUMIE. Nilipopita tena, karatasi ilikuwa imegeuzwa upande wa pili na kuandikwa zamu za usafi. Dokta Anyisile akaagiza kidonda cha Mama Velonika kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi. Maji yakachemshwa, tena vizuri sana, nikashuhudia. Kisha bakuli la kuyawekea likasuuzwa pipani.

Nikasema tulitoe lile pipa, na chumba kifungwe kisafishwe chote. Hapo ndipo nikaambiwa haiwezekani. Pipa lilikuwa na namba. Mnajua maana yake: kitu kikishaandikwa namba ya mali ya hospitali, hata kikigeuka sumu, hakiondoki bila kamati. Na kufunga chumba ni kusimamisha huduma, nako kunataka kamati. Kamati ya kuzuia maambukizi ilikuwa na wajumbe kumi, mimi mmojawao. Akidi sita.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mwema, anayependa kanuni kama wengine wanavyopenda samaki mbasa. Akaitisha kikao mara moja. Mvua ikakata barabara ya Ipinda, wajumbe wa huko hawakuja. Akaitisha cha pili, kikaangukia siku ya mnada wa kakao. Nani aache mnada aje kuzungumzia pipa? Cha tatu tulikaa watano. Watano, tukaangaliana. Bwana Salum, mwenye duka la mjini ambaye ni mwakilishi wa wananchi, na ambaye hakukosa kikao hata kimoja, alitazama saa yake.

"Mwenyekiti," akasema, "mimi nimefunga duka. Watano na sita tofauti yake nini? Mimi ni mnene, nihesabuni wawili."

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, kisha akasema kanuni ni kanuni, akaahirisha kwa sala. Mimi sikucheka. Nilisema mbele yao kwamba tunapoahirisha, kuna kikao kingine kinaendelea kwenye mkono wa mtu, na chenyewe hakijawahi kuahirishwa. Mwenyekiti akanijibu kwa upole, "Mama, hasira hasara." Nilitoka nje nikalia kwa ghadhabu nyuma ya tanuri la kuchomea taka.

Wodini mkono ulivimba. Kidole cha mwisho kikawa cheusi nchani. Mama Velonika aliacha kuuliza atatoka lini. Akawa ananiuliza jambo moja tu, kama kile kikao kimekaa. Habari ya pipa aliisikia kwa wauguzi, na ya wadudu kuwa na kikao chao nilimweleza mimi. Nilimjibu bado. Akasema, "Ndaga," asante, kila mara, na mimi nilitamani anitukane.

Kisha akafariki mama wa mjumbe mmoja, huko Ipinda. Na ninyi mnajua msiba kwetu. Mnyakyusa anaweza kukosa mkutano, harusi, hata mavuno yake mwenyewe, lakini msiba hakosi, maana siku yako nani atakuja? Nikaenda. Nilikaa na wanawake kwenye mikeka, nikalia na waliolia, marehemu nilimfahamu. Tulipokwisha kuzika na watu wakawa wanangoja chakula, nikainua macho kutazama upande wa wanaume, chini ya turubai. Mwenyekiti yupo. Bwana Salum yupo, na kofia yake. Mfamasia yupo. Wajumbe wa Ipinda wapo, hawakuona matope wala mvua. Na mimi nipo. Nikahesabu tena, maana sikuamini. Tulikuwa wanane, ukimwacha mfiwa.

Nikanyanyuka, nikajifunga kanga vizuri, nikavuka kwenda kwa wanaume. Nikapiga goti kidogo mbele ya mwenyekiti na kumsalimu kwa Kinyakyusa, kwa heshima ya msiba na ya umri wake.

"Mwenyekiti, mwagonile. Akidi imetimia."

Hakunielewa. "Mama, hapa ni msibani."

"Najua, baba. Nimezika na nimelia. Lakini kuna mama mmoja wodini anaoza mkono, na wewe unahitaji sita. Tuko wanane. Naomba kikao."

Mzee mmoja wa ukoo akanguruma kwamba sasa wanawake wa siku hizi wanaleta ofisi kwenye matanga. Aliyeninusuru ni mfiwa mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, macho mekundu. Akasema, "Mama yangu alikuwa anapikia kwenye vyungu vya Lyulilo maisha yake yote. Kaeni. Na mimi nihesabuni."

Tukasogea nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Bwana Salum akanong'ona, "Kwetu msibani watu husoma hitima. Ninyi mnasoma ajenda." Lakini ndiye aliyetoa hoja, na mfamasia akaunga mkono. Pipa liondolewe. Chumba kifungwe kisafishwe, vidonda visafishiwe chumba kingine kwa vyombo vilivyochemshwa. Dawa iliyoonyesha nguvu kwenye visahani vyangu iagizwe Mbeya. Kabla wali haujapakuliwa, tulikuwa tumemaliza. Jambo lililotushinda vikao vitatu tulilimaliza tukiwa tumesimama.

Jioni hiyohiyo nililitoa pipa kwa mikono yangu. Mafundi walilipasua kwa msumeno lisirudi kwa njia yoyote. Baada ya hapo kijani kilikoma wodini. Mzee wa mguu akapona, na yule mama wa uzazi akaenda nyumbani na mtoto wake. Kwa Mama Velonika wadudu walikuwa wameshaingia kwenye mfupa. Dokta Anyisile alikata vidole viwili, cha mwisho na kinachokifuata, akaokoa vitatu na kiganja. Alipotoka chumba cha upasuaji alisema kikao cha kwanza kingekaa, mama angetoka na vidole vyote vitano. Alilisema bila kumlaumu mtu. Mimi nawalaumu wajumbe wenzangu, mpaka leo, kwa mvua, kwa mnada, kwa kanuni, na hasa kwa yale matope ya Ipinda yaliyokauka ghafla siku ya msiba.

Ndiyo maana nawaambia ninyi: kidonda kikiwa kimya, ndio wakati wa kukihofia. Msisubiri harufu. Na mkiona utelezi kwenye chombo chochote, chenye namba au kisicho na namba, kipasueni kwanza, mtajieleza baadaye. Watakaowahukumu watahitaji akidi.

Mwezi uliopita nilikwenda Lyulilo kununua chungu. Nilimkuta Mama Velonika amekaa chini nje ya nyumba yake, udongo mbele yake, mkono wa kulia unazunguka juu ya mdomo wa chungu. Gumba ndani, viwili nje. Alikuwa anakwenda polepole. Pembeni palikuwa na vyungu viwili vilivyopasuka na vingi vilivyopona. Tukasalimiana, akanipa kigoda.

"Mkono umejifunza upya," akasema. "Ni mbishi, lakini umejifunza."

Nikamwambia nimestaafu. Akasema ndaga, nimefanya kazi. Akaendelea kuzungusha. Kisha akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelitunza tangu wodini.

"Wale wadudu, mama maabara. Ulisema nao walikuwa na kikao chao. Wao walitakiwa wangapi?"

"Mamilioni, mama."

"Wakafika?"

"Walifika wote."

Akalowesha vidole vyake vitatu kwenye maji, akavirudisha kwenye mdomo wa chungu, akaulainisha mzunguko mzima kabla ya kuniuliza tena, bila kuinua uso.

"Na ninyi mlitakiwa wangapi?"

"Sita," nikasema.